Kushona Mavazi ya Unguja ya Karne ya 19 kwa Ajili ya Makumbusho: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mtu anayejitolea kushona mavazi ya kihistoria kwa ajili ya jumba la makumbusho kwa kawaida ni mtu anayejua kushona tayari, na ujuzi huo ndio unaomponza. Mkono uliozoea kukata mashati na magauni ya leo huikata kanzu ya mwaka 1860 kwa mazoea yaleyale, na kasoro hazijitokezi mpaka nguo ivaliwe au ikae juu ya sanamu kwa muda. Mwongozo huu unashughulikia mavazi yaliyovaliwa mjini Unguja takriban kati ya miaka ya 1840 na 1890, yaani kanzu ya kiume, joho, kanzu ya kike na suruali yake ya marinda, pamoja na nguo za kujifunga za merikani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka Marekani) na kaniki (kitambaa cha pamba cha bluu iliyokolea). Unaanza na dalili unayoiona, kisha unatafuta chanzo chake. Nyingi ya dalili hizi huonekana kwenye mshono ilhali chanzo kiko kwenye ukataji, kwa hiyo kabla hujafumua chochote ilaze nguo juu ya meza na utazame nyuzi za kitambaa zinaelekea wapi.

Amua pia mapema kama unashona nakala ya kuvaliwa na mwongoza wageni au nakala ya kuvishwa sanamu. Ya kwanza hufuliwa, hutokwa jasho na huvutwa, kwa hiyo mshono wa cherehani ulio ndani, usioonekana, unakubalika. Ya pili hutazamwa kwa karibu na watu wanaojua, nayo inastahili mshono wa mkono hata ndani. Vazi la asili halivaliwi na mtu yeyote, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Kanzu inapanda juu mvaaji anapoinua mkono

Mwongozaji ananyoosha mkono kuwaonyesha wageni nakshi zilizo juu ya kizingiti cha mlango, na papo hapo upindo wa kanzu unapanda mpaka katikati ya muundi na jinzi yake inaonekana. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Wengi hudhani kwamba tundu la mkono ni dogo, wakalichimba zaidi kuelekea chini, na kanzu ikazidi kupanda, kwa sababu kadiri tundu linavyoshuka ndivyo mkono unavyovuta sehemu kubwa zaidi ya kiwiliwili.

Chanzo ni kwamba kanzu imekatwa kwa mchoro wa shati, wenye tundu la mkono lililopinda na mkono uliochongwa juu. Kanzu ya zamani haikuwa na mpindo wa namna hiyo. Ilikuwa na badani, ambayo ni kipande cha mbele na cha nyuma. Ikawa na taharizi, vipande virefu vinavyopanuka kuelekea chini, vilivyoshonwa ubavuni kila upande. Ikawa na mikono iliyokatwa karibu mstatili. Na chini ya kila kwapa kikatiwa kikwapa, kipande kidogo cha mraba. Mraba huo hushonwa ukiwa umegeuzwa pembe chini, pembe juu, ili nyuzi zake zikae hanamu, yaani mshazari, chini ya mkono na zivutike pale mwili unapohitaji nafasi. Bila kikwapa, kanzu iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka haina mahali pa kuvutikia isipokuwa kwenye upindo.

Ikiwa nguo imekwisha kushonwa, fumua inchi chache za mshono wa mkono na za ubavu pale zinapokutana, kisha tia mraba wa inchi 4 au 5, ukihesabu nje ya vipimo hivyo nafasi ya mshono. Shona kutoka pembe hadi pembe na usimame kabla ya kufika ukingoni, kwa sababu mshono unaovuka pembe huleta kijikunjo kisichoondolewa na pasi. Iwapo kikwapa kipo tayari na kanzu bado inapanda, tazama mambo mawili. La kwanza ni taharizi: kama zinaanza kupanuka chini ya kiuno badala ya kuanzia kwenye kikwapa, kifua kimebanwa na mraba hauna kazi. La pili ni sijafu, yaani ule upindo wa ndani wa mkono penye kifundo cha mkono; ikibana, mkono mzima wa kanzu hukwama na kuvuta kila kilicho nyuma yake.

Kikwapa kikichanika pembeni baada ya kuvaliwa kwa muda, mara nyingi mkasi uliingia mno ulipokuwa unachanja nafasi ya mshono. Bandika kwa ndani kiraka kidogo cha bafta (kitambaa chepesi cha pamba nyeupe) kabla ya kushona upya.

Shingo inakaba mbele na nguo nzima inateleza nyuma

Mvaaji hana raha, anaishika kanzu kifuani na kuivuta mbele kila baada ya hatua chache. Chunguza tundu la shingo likiwa wazi mezani, kanzu ikiwa imekunjwa begani. Kama tundu limegawanyika sawasawa, nusu mbele na nusu nyuma ya kunjo la bega, umekwisha kupata jibu. Shingo ya mwanadamu imeinama mbele, na katika nguo ambayo badani yake imekunjwa begani bila mshono, sehemu kubwa ya tundu inapaswa kukatwa mbele ya kunjo huku nyuma ikipunguzwa kidogo tu.

Ukiwa bado hujakata, weka alama ya kunjo kwa uzi wa rangi nyingine na uhesabu kutoka hapo. Ukiwa umekwisha kukata, ongeza kina mbele na uzibe nyuma kwa kipande cha kitambaa kilekile, ambacho mshono wake utafichwa chini ya kaba (kitambaa cha kuimarisha shingo) na darizi (nakshi ya uzi) ya shingo. Joho huonyesha dalili hiyohiyo kwa nguvu zaidi kwa sababu ya uzito wa sufu, na hali huwa mbaya zaidi likitiwa bitana ya polista inayoteleza juu ya kanzu. Katika joho, bitana ya pamba mabegani peke yake inatosha kabisa.

Lisani, kile kiulimi kinachokaa nyuma ya mpasuo wa kifuani, husahaulika mara nyingi. Isipokuwepo, mpasuo huachama na kuonyesha fulana, na mtu hushawishika kuongeza kifungo ambacho vazi la asili halikuwa nacho. Tia lisani na kishikizo kimoja shingoni, pamoja na shada (kishada cha nyuzi) ikiwa vazi unalonakili lilikuwa nalo.

Darizi ya shingo imekunja kitambaa

Hapa swali la kwanza ni lini mikunjo ilianza. Kama ilikuwepo kabla ya nguo kufuliwa, basi uzi wa hariri ulivutwa mno, au darizi ilifanywa juu ya kitambaa kitupu kisicho na kaba chini yake. Kaba ndilo linaloipa shingo ugumu wa kubeba nakshi, na linatakiwa lishikizwe kwa bandi (mshono wa muda) na kutulia kabla ya sindano ya hariri kuanza. Mikunjo midogo hulegea ukiilaza shingo juu ya taulo nene, uso ukiwa chini, na kuipiga pasi yenye mvuke bila kuikandamiza.

Kama mikunjo imeanza baada ya kufua, kimepungua kitu kimoja na kingine hakikupungua. Kitambaa cha pamba kisichorowekwa hujikaza, lakini uzi wa polista ulioshonea hubaki na urefu wake na kujikusanya kati ya tundu na tundu. Pasi haiwezi kutibu jambo hilo. Fumua, na ushone upya kwa uzi wa pamba au wa hariri juu ya kitambaa ambacho sasa kimekwisha kupungua.

Nguo ilikaa sawa siku ya kwanza, sasa upindo umejizungusha mguuni

Kuna vyanzo viwili, navyo hutofautishwa kwa macho. Katika cha kwanza, taharizi ya upande mmoja inaning'inia wima na ya pili inavuta mbele: kitambaa kilikatwa bila kufuata mwelekeo wa uzi. Katika cha pili, nguo imepungua urefu pande zote na mishono ya ubavu ina mawimbi: kitambaa hakikufuliwa kabla ya kukatwa.

Kwa chanzo cha kwanza, usiutegemee ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka dukani, kwa sababu vitambaa vingi hukunjwa na kuzungushwa kwenye gogo vikiwa vimepinda. Chomoa uzi mmoja wa mshindio (uzi wa upana) kutoka ukingo hadi ukingo na ukate kwa kufuata njia uliyoiacha. Kisha vuta kitambaa kwa pembe, watu wawili mkielekeana, mpaka mtande (nyuzi za urefu) na mshindio zikutane kwa pembe mraba. Kazi hii huchosha na ndiyo sababu hurukwa. Nguo ikiwa imeshonwa, taharizi iliyokosewa haina dawa isipokuwa kukatwa nyingine.

Kwa chanzo cha pili, kata kipande cha majaribio cha inchi 10 kwa 10, kiroweke katika maji ya moto, kikaushe, kipige pasi na ukipime tena pande zote mbili, kwa maana mtande hupungua kuliko mshindio katika vitambaa vingi vya pamba. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho ndicho kilicho karibu zaidi na merikani, huja na wanga mwingi wa kiwandani, na ugumu wake huondoka na maji ya kwanza pamoja na sehemu ya vipimo vyako.

Rangi haikubaliki

Sehemu hii inahitaji uvumilivu zaidi kuliko zote, kwa sababu makosa ya rangi huonekana na kila mgeni hata asiyejua kushika sindano.

Ikiwa kanzu inang'aa kwa weupe wenye ubuluu, hasa mahali penye mwanga wa jua, kitambaa kimetiwa dawa ya kung'arisha ya kisasa au ni tetroni (kitambaa chenye polista). Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya bakuli la maji na uziwashe. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Tetroni irudishwe dukani. Pamba iliyong'arishwa inaweza kutumika kwa bitana, lakini usoni tumia bafta isiyo na dawa au pamba isiyopaushwa. Kumbuka pia kwamba si kila kanzu ilikuwa nyeupe: kanzu za hudhurungi, za pamba ya rangi ya kahawia kutoka Oman, zilikuwa vazi la heshima, na sanamu moja kati ya nyingi ikivishwa hudhurungi hutoa picha ya kweli zaidi ya mji ule.

Watu wengi huichovya nguo katika chai ili ionekane ya kale. Binafsi siipendi njia hiyo hata kidogo. Chai ina asidi inayodhoofisha pamba kadiri miaka inavyopita, rangi yake hufifia kwa mabaka chini ya taa, na nguo hiyo ikigusana na vazi la asili ndani ya sanduku huliambukiza doa. Isitoshe, bwana wa mwaka 1860 hakuwa akivaa nguo kuukuu; kanzu yake ilikuwa mpya siku aliyoivaa kwenda barazani.

Ikiwa nguo imenakiliwa kutoka kwenye picha na wazee wanasema rangi si zenyewe, tatizo liko kwenye picha. Chukua mfano wa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete. Picha zake mashuhuri alizopigwa Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao ndizo zinazonakiliwa mara nyingi zaidi na washonaji wa makumbusho. Lakini sahani za kioo za kupigia picha za wakati ule, zilizopakwa kolodioni, ziliitikia mwanga wa bluu na hazikuitikia mwanga mwekundu. Kwa hiyo nguo nyekundu hutoka karibu nyeusi, njano hutoka nzito kuliko ilivyo, na bluu hutoka nyepesi. Mshonaji anayeona giza akanunua kitambaa cheusi huenda amelibadilisha vazi la hariri nyekundu kuwa vazi la msiba. Kadi za posta zilizotiwa rangi kwa mkono hazisaidii, kwa kuwa aliyezitia rangi alikisia tu. Tumia picha kwa ajili ya mkato, urefu na mpangilio wa nakshi. Rangi itafute kwenye mabaki ya vitambaa vyenyewe, na hasa ndani ya upindo, mahali ambapo jua halikufika.

Ikiwa kaniki imeacha alama za bluu kwenye kanzu nyeupe ya jirani yake, au kwenye shingo ya mvaaji, nili, yaani rangi yake ya bluu, imebaki juu ya uso wa nyuzi. Chumvi na siki, ambazo kila mtu huzipendekeza, hazifai kitu hapa, kwa kuwa nili haishikwi na dawa za kugandisha rangi. Huingia kwenye uzi ikiwa imeyeyushwa na kurudi kuwa ngumu inapokutana na hewa. Kilichobaki nje hakina budi kuondolewa. Ifue peke yake katika maji ya vuguvugu na sabuni laini, ubadilishe maji mpaka yatoke safi, ikauke kivulini, kisha isugue kwa kitambaa cheupe kikavu na baadaye kwa chenye unyevu. Kitambaa kikiendelea kuchukua rangi, rudia. Kaniki mpya itaendelea kuachia kidogo, kwa hiyo usiihifadhi imegusana na nguo nyeupe.

Marinda ya suruali hayasimami, au yamelundikana upande mmoja

Suruali ya kike iliyovaliwa chini ya kanzu ilibana kwenye muundi na kumalizika kwa marinda penye kifundo cha mguu. Marinda yakilala kama kitambaa kilicholowa, utepe ulikuwa mfupi. Ukate uwe mara mbili na nusu hadi mara tatu ya mzingo wa mguu wa suruali. Yakilundikana, ulitumia uzi mmoja wa kukusanyia. Piga safu mbili sambamba za mshono wa mkono, tundu zikikabiliana, uvute nyuzi zote mbili pamoja, na ugawanye mzingo katika robo nne kabla ya kushona. Suruali isipopita kwenye kisigino, acha mpasuo wa ndani wenye vishikizo badala ya kutia zipu au mpira.

Kila kitu ni sahihi, lakini si cha mwaka huo

Kasoro hii haina mshono wa kufumua, ila ndiyo inayoiletea makumbusho aibu. Sanamu ya mwanamke wa wakati wa Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, haiwezi kuvaa kanga yenye maandishi: kanga yenyewe ilienea katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na maneno yalianza kuandikwa juu yake mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Kwa sanamu ya awali tumia merikani au kaniki, au ukaya (shela nyepesi) kichwani. Buibui nalo ni la kipindi cha baadaye, lilipoenea mjini mwanzoni mwa karne ya 20.

Merikani pia ina tarehe zake. Kitambaa hiki cha viwanda vya Marekani kilishika soko la Unguja baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikatiza upatikanaji wa pamba, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi. Kibao cha maelezo kinachosema kwamba mpagazi wa mwaka 1864 amevaa kitambaa kipya kutoka Massachusetts kinahitaji kufikiriwa upya, hata kama mshono ni wa kupendeza.

Uharibifu unaoanza baada ya nguo kukamilika

Madoa ya kahawia yaliyozungukwa na duara ni kutu, na katika hewa ya pwani pini ya chuma iliyosahaulika kwenye upindo huanza kuacha alama mapema mno. Tumia pini za chuma kisichoshika kutu, uzihesabu unapoanza na unapomaliza. Matundu madogo yasiyo na mpangilio kwenye joho ni kazi ya funza wa nondo, ambao hupenda sufu yenye jasho. Lifunge joho ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa vizuri, liweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, na usiufungue mfuko mpaka joho lirudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu utatanda juu ya zari (nakshi ya uzi wa dhahabu). Vidonge vya nafthalini viache. Ni sumu kwa anayefungua kabati kila siku. Mabega yaliyofifia huku mikunjo ikibaki na rangi yake ni dalili ya mwanga: taa za nguo zisizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na dirisha lifunikwe.

Mabega yanayochomoza kama ncha juu ya sanamu yanatokana na sanamu la dukani lenye mabega mapana. Lipunguze kwa msumeno ikiwa ni mali yenu, au mjenge kiwiliwili cha pamba kufuatana na vipimo vya nguo. Kamwe nguo isilazimishwe kuufuata mwili wa plastiki.

Unapochukua vipimo kutoka kwenye vazi la asili, tumia futi ya kitambaa na penseli, bila kalamu ya wino wala pini. Vazi libaki limelala mezani, na pale ambapo mshono hauonekani bila kufumuliwa, andika hivyo kwenye karatasi yako na umwachie mhifadhi uamuzi. Nakala ikikamilika, shonea ndani ya upindo wa nyuma kipande cha bafta chenye maneno yaliyotariziwa kwa uzi: neno «nakala», mwaka wa kushonwa, aina ya kitambaa na namba ya vazi lililonakiliwa. Wino hufifia na karatasi hung'oka, na kanzu iliyoshonwa vizuri bila alama hiyo inaweza kuingizwa siku moja kwenye daftari la vitu vya asili.